Kanda Zisizo na Namba

Mama alikuwa anasahau vitu kwa mpangilio wake mwenyewe. Kwanza alisahau jiko likiwaka. Kisha akasahau njia ya kurudi kutoka dukani, duka lenyewe likiwa mlango wa pili tu. Na asubuhi moja, uji ukiwa mezani, alimwangalia binti yake vizuri, akamshukuru kwa heshima zote, akamwita "dada wa duka la dawa". Tukisema ukweli, hakukosea sana, kwa sababu binti alikuwa na duka la dawa kweli. Alijikaza kisabuni, akatabasamu, halafu akaingia bafuni, akafungulia bomba na kulia humo mpaka ndoo ikafurika.

Binti huyo nyumbani walimwita Kimya. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, aliyekuwa fundi wa sauti katika filamu, mtu ambaye kazini alipaza sauti "Kimya!" kabla ya kila kurekodi. Mtoto alipozaliwa na mapafu ya tarumbeta, baba akawa anamwamrisha vivyo hivyo kitandani. Haikusaidia kitu, ila jina likaganda. Naye baba wenzake walimwita Masikio, kwa kazi yake na kwa masikio yenyewe, maana Mungu hakumbania hapo. Baba huyo alikufa binti yake akiwa hajatimiza miaka mitatu.

Kwa hiyo Kimya alimjua baba kwa kuambiwa. Picha zake zilikuwepo, mbili tatu, zote akiwa ameinamia mashine. Sauti yake haikuwepo popote. Mtu aliyetumia maisha yake kuhifadhi sauti za wenzake hakuacha hata kikohozi chake mwenyewe, na kwa hilo kulikuwa na sababu, tena sababu ya kuuma.

Mama, kabla hajaanza kusahau, alikuwa Bi Kamera. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika ofisi ya filamu kukabidhiwa kamera badala ya ufagio. Hizo za mwanzo zilikuwa za kujazwa kwa mkono kama saa ya ukutani, nzito kiasi cha kumwachia bega moja limeshuka kuliko lingine hadi leo. Akifika mahali, watu walimpita wakamsalimia dereva, wakimdhani ndiye mpiga picha. Yeye alikuwa anaweka miguu mitatu ya kamera chini, anaingiza mkanda akiwa amefunika mikono ndani ya koti ili mwanga usiingie, na dereva anaendelea kupewa kiti.

Filamu zote za wakati ule zilikuwa na mzungumzaji. Unamwona mtu analima, halafu sauti nzito ya bwana mmoja ofisini inakueleza huyo mkulima ana furaha kiasi gani. Bi Kamera aliichukia sauti ile kama mtu anavyochukia jino bovu. Filamu yake ya kwanza ilikuwa ya wanawake wanaovunja kokoto kando ya barabara, na aliitengeneza bila mzungumzaji. Wanawake walisema wenyewe: kuhusu vidole, kuhusu waume, kuhusu vumbi linaloingia kwenye maziwa ya mtoto. Mkurugenzi alimuuliza nani atakaa kutazama mawe. Watu walijaa ukumbini mpaka wengine wakakaa sakafuni, na mkurugenzi alipohojiwa akasema lilikuwa wazo lake.

Kanuni zake zilikuwa mbili, na Kimya alizijua kabla ya kujua kusoma. Ya kwanza: mtu hawekewi maneno mdomoni. Ya pili: mtu akimaliza kusema, usizime mashine, hesabu moyoni mpaka kumi. "Anachokitaka hasa," Mama alikuwa akisema, "anakisema akidhani umeshamaliza naye."

Masikio alimuoa katika safari ya tatu, au pengine ni yeye aliyemuoa Masikio. Shangazi wa Kimya, dada yake Masikio, alishikilia hilo la pili. Walifanya kazi pamoja, yeye na picha, mume na sauti. Mambo hayo mawili siku hizo yalirekodiwa mbalimbali, picha kwenye mkanda wake na sauti kwenye kanda yake, na yakaunganishwa baadaye ofisini. Ndiyo maana ya kile kibao kinachogongwa mbele ya kamera. Ukiona kikigongwa na ukisikia mlio wake, unajua picha hii na sauti hii ni za pamoja.

Filamu yao ya mwisho ilikuwa ya bonde. Bwawa lilikuwa linajengwa, maji yalikuwa yanapanda, na watu wa bonde walikuwa wanahamishwa. Kimya aliachwa kwa shangazi, kama kawaida. Mama alirudi peke yake, na mikanda, na kanda za sauti, na hedfoni za mume wake. Ukingo ulikuwa umemomonyoka Masikio akiwa amesimama juu yake kurekodi maji. Shangazi alikuwa na maelezo ya msiba huo yasiyobadilika: "Ndugu yangu alipenda sauti kuliko roho yake. Hakuna aliyemtuma." Mama hakuwahi kuongeza neno.

Hakuikata filamu ile, yaani hakuipanga wala kuiunganisha. Kwa miezi alijifungia katika chumba cha ofisi akisikiliza kanda, kwa sababu mwanzoni mwa kila kipande sauti ya Masikio ilitaja mahali, mkanda na mtu atakayesema. Alizisikiliza mpaka akazijua zote kwa moyo, na maneno ya kila mtu wa bonde yakamwingia pamoja na yale ya mume wake. Lakini hakuziandikia namba. Pale ofisini filamu ilipewa namba siku unapoanza kuikata, na yeye hakuweza kuanza bila Masikio. Kila mmoja pale alijua, naye alijua kuliko wote, kwamba kanda isiyo na namba ni kanda huru. Anayeihitaji anaifuta na kurekodi juu yake, maana kanda mpya zilikuwa adimu. Alipougua akakaa nyumbani wiki kadhaa, alirudi akaweka kanda ya kwanza kwenye mashine. Ilikuwa hotuba ya ufunguzi wa kiwanda cha sabuni. Ya pili, hotuba inaendelea. Mheshimiwa alikuwa na mengi ya kusema kuhusu sabuni.

Hilo Mama alimwambia Kimya mara moja tu, Kimya akiwa msichana mkubwa, wakichambua mchele. "Mimi ndiye niliyemfuta," alisema, akaendelea kuchambua.

Sasa miaka imepita, ofisi ya filamu imekuwa hifadhi ya filamu, na mtunza hifadhi, bwana mpole mwenye mvi za kabla ya wakati, akaja dukani kwa Kimya. Alinunua dawa ya kikohozi asichokuwa nacho ndipo akasema kilichomleta.

"Mikanda ya bonde tumeipata, dada. Imenuka siki kwa uzee lakini imekubali. Tumeihamishia kwenye kompyuta. Picha ni safi."

"Na sauti?"

"Sauti ndiyo hivyo tena. Watu wanaonekana wakisema, midomo inacheza, husikii kitu. Nimefikiri… Mama bado anakumbuka walichosema?"

"Asubuhi hii hakukumbuka kwamba mimi ni mwanawe."

Mtunza hifadhi akaangalia chupa ya dawa mkononi. "Pole sana. Basi kuna jambo moja ujue. Mkanda wa mwisho kabisa, anaonekana mzee wako. Anagonga kibao, halafu haondoki. Anaongea na kamera. Anaongea kitambo."

Siku hiyo Kimya alimpa mteja dawa ya macho badala ya masikio, ikabidi amkimbilie barabarani. Usingizi nao ulimkataa. Baba yake alikuwa amesimama mahali fulani akisema kitu, na duniani kote alibaki mtu mmoja anayejua alisema nini, na mtu huyo alikuwa anafutika.

Walianza wiki ileile, alasiri, sebuleni, Kimya, Mama na mtunza hifadhi. Kompyuta mpakato iliwekwa mezani, kinasa sauti cha kanda pembeni yake. Maikrofoni ilibidi ishikwe kwa mkono kwa sababu Mama aligeukageuka, kwa hiyo Kimya akaishika yeye, na hedfoni masikioni, akiwa amepiga goti kando ya kiti. Mama alimtazama akiwa katika hali ile, akainua mkono, akamsogezea hedfoni vizuri, akasema, "Hivyo." Kimya hakuthubutu kupumua.

Picha ya kwanza ilipotokea, mwanamke mzee mbele ya nyumba isiyo na paa, Mama alikunja uso. Kisha mdomo wake ukaanza kwenda sawasawa na mdomo wa yule mwanamke.

"Mimi maji siyaogopi," Mama alisema, kwa sauti kavu isiyokuwa yake. "Maji nimeyachota tangu nina meno ya utoto. Ninachoogopa ni kulala mahali ambapo sijui kabla yangu alilala nani."

Mtunza hifadhi aliziba mdomo kwa kiganja. Mtu aliyeuliza mara nne mchana ule kama ameshakula alikuwa anatoa maneno ya miaka arobaini iliyopita bila kukwama hata mara moja.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Akaja mwanamume aliyeng'oa mlango wa nyumba yake akaubeba mgongoni: "Nyumba wachukue. Mlango huu nimeuchonga mwenyewe, nitautafutia nyumba." Wakaja mabibi harusi wawili waliogombana kwenye picha, na Mama aligomba kwa zamu, kwa sauti mbili, mpaka Kimya akacheka na kuharibu rekodi. Mama akamkaripia kweli kweli. "Fundi wa sauti hacheki. Fundi wa sauti anacheka nyumbani."

"Tuangalie wa mwisho, Mama," Kimya alisema siku ya tatu. Alikuwa amejizuia, lakini asubuhi hiyo Mama alikuwa amevaa viatu akiwa bafuni, akauliza treni inaondoka lini. "Leo huo tu. Mingine tutarudia."

"Kwa mpangilio."

"Mama, tafadhali."

"Hawa watu walisubiri zamu yao," Mama alisema. "Wewe nani uwaruke?"

Kichwa kigumu, hata kichwa kilipokuwa kinamtoka. Kimya alikwenda kumlalamikia shangazi, ambaye miguu ilikuwa imemshinda siku hizi na alikaa kwenye kiti chake akitawala mtaa kupitia dirisha.

"Mshike mkono, mwonyeshe huo mkanda, basi. Unamwogopa nini?"

"Nikimlazimisha atafunga mdomo. Unamjua wifi yako."

"Namjua," shangazi akasema. "Ndugu yangu alikuwa na sauti ya chini. Kama mtu anayekuambia siri, hata akiomba chumvi. Hicho ndicho ninachoweza kukupa, mwanangu."

Kimya alikibeba hicho mpaka nyumbani.

Mikanda ilivyozidi kupungua, na Mama naye alizidi kupungua. Zikawa siku ambazo alitazama picha tu akitabasamu. Halafu ikaja alasiri mbaya. Kwenye picha alikuwepo kijana aliyeketi juu ya magunia, na Mama akasema kwa uzuri wote: "Nyumba wachukue. Mlango huu nimeuchonga mwenyewe…" Kijana kwenye picha alikuwa bado anaongea Mama alipomaliza. Midomo haikulingana. Mama aliona. Alitazama skrini, akamtazama Kimya, na uso wake ukawa wa mtu aliyeshikwa anaiba.

"Si yake hayo," alisema. "Nimemwekea maneno mdomoni."

"Si neno, Mama. Tutaruka."

"Nimemwekea maneno mdomoni," alirudia, na akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yakishuka na mikono imekaa mapajani kama ya mgeni. Kimya alivua hedfoni akamkumbatia. Alikuwa mwepesi mno. Yule kijana wa magunia aliendelea kusema hadi mwisho kwenye skrini, na alichosema hakuna atakayekijua tena.

Siku iliyofuata mtunza hifadhi hakuuliza mtu. Aliweka mkanda wa mwisho.

Kwanza yalikuwa maji peke yake, mapana, yenye rangi ya chai ya maziwa, na vichwa vya miti vikichungulia. Kisha kibao kikaingia kwenye picha, na nyuma yake mtu. Alikuwa kijana. Hilo lilimpiga Kimya kabla ya lolote, kwamba baba yake alikuwa mdogo kuliko yeye alivyo sasa, na masikio yale, na hedfoni zimeyabana, na kinasa sauti kinaning'inia begani. Aligonga kibao. Hakuondoka.

"Huyu ana masikio," Mama alisema.

"Unamjua, Mama?"

Mama alimwangalia kwa makini, kwa ile adabu aliyowapa wageni. "Hapana. Nimjue?"

Kimya alimsogezea maikrofoni. Kwenye skrini Masikio alishusha hedfoni zake shingoni, akapangusa uso, akaanza kusema. Na Mama, asiyemjua, akafungua mdomo.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayekuambia siri.

"Zima hiyo, mke wangu. Nasema na wewe, sisemi na kamera. Haya, usizime, nakujua." Masikio alicheka kwenye picha, na Mama akacheka kicheko kisichokuwa chake. "Tumeshapata watu wote. Twende nyumbani. Safari iliyopita Kimya aliniona nikiingia akamkimbilia dada yangu, akamuuliza huyu mgeni atalala hapa? Nilicheka pale. Sijacheka tena tangu siku ile. Twende nyumbani kesho, alfajiri. Nataka mtoto anizoee."

Kimya alikuwa amekamata maikrofoni kwa mikono miwili. Alidhani yamekwisha, kwa kuwa kwenye picha Masikio alikuwa amenyamaza, anasikiliza mtu aliye upande wa huku. Lakini Mama hakunyamaza. Sauti ikapanda, ikawa nyepesi, ya mwanamke kijana mwenye haraka.

"Kesho, sawa. Naapa. Ila sina maji. Nina picha ya maji, sauti yake sina. Nenda pale ukingoni unipatie dakika moja tu, tunafunga, tunaondoka."

"Pale pameloa."

"Dakika moja, baba Kimya."

Masikio alimtazama aliyekuwa nyuma ya kamera. Alitingisha kichwa, kama mtu anavyomtingishia mtoto anayemdekeza, akavaa hedfoni, akatoka kwenye picha. Yakabaki maji. Kamera haikuzimwa, kwa kuwa mpiga picha alikuwa anahesabu moyoni. Kisha mkanda ukaisha na skrini ikawa nyeupe.

Mtunza hifadhi alisimama, akatoka nje taratibu, akaegemea ukuta wa uani.

Hakuna aliyemtuma, shangazi alisema miaka yote hiyo, na Mama alimwacha aseme. Kimya alikuwa bado amepiga goti pale pale, na hasira ikampanda kutoka tumboni, hasira ya kweli, na ilipofika kooni haikumkuta mtu wa kumwangukia. Aliyemtuma alikuwa amekwishaondoka zamani. Kwenye kiti alikaa bibi mmoja mwenye bega lililoshuka, mwenye soksi zisizofanana, na wasiwasi ulikuwa umemjaa usoni.

"Wale watu," Mama alisema. "Yule kijana na mkewe."

"Ndiyo."

"Walifika nyumbani?"

Kwenye kinasa sauti taa nyekundu ilikuwa inawaka. Kimya aliitazama. Katika nyumba ile ilikuwa mwiko kusema mbele ya mashine neno lisilo la kweli; alichapwa mara moja tu utotoni, na ilikuwa kwa ajili hiyo. Mama alikuwa amemshika kifundo cha mkono, akisubiri.

"Walifika," Kimya alisema.

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Alfajiri, kama walivyosema."

"Na mtoto? Alimzoea?"

"Alimzoea sana. Siku ile ile. Hakutaka tena kushuka mgongoni."

Mama alishusha pumzi, akaegemea kiti, akafumba macho. Vidole vililegea. "Afadhali," alisema. "Maana nilikuwa na wasiwasi nao."

Kimya aliinua mkono azime mashine, akausimamisha. Akaanza kuhesabu moyoni. Kwenye hedfoni alisikia pumzi za Mama zikiingia na kutoka, na nyuma yake, mbali, mtunza hifadhi akipenga kamasi uani. Mama hakuongeza neno. Alipofika kumi, Kimya alizima, akatafuta kalamu ya wino mzito, akaiandikia kanda namba.